Testosteroni Imesingiziwa

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam na kwenye kuta za mitaa ya Nairobi, tangazo la dawa ya nguvu za kiume halikosi nafasi. Lina namba ya simu, jina la mji wenye sifa ya waganga, na orodha ya matatizo yanayotibiwa na mtu yuleyule: ngiri, kisukari, athari za punyeto, mpenzi aliyekimbia, kesi mahakamani. Hatua chache mbele, muuza muhogo mbichi ameupanga kwenye toroli pamoja na karanga na vipande vya nazi, na hana haja ya kumweleza mteja kwa nini vitatu hivyo vinauzwa pamoja. Jioni, bakuli la supu ya pweza linashika zamu. Mengi ya haya ni ya siku nyingi na hayana madhara makubwa. Aliyekula muhogo na karanga, hata kama hakupata alichokifuata, ameshiba.

Kilichobadilika ni maelezo. Kijana wa jimu leo hasemi amerogwa wala hasemi ana ngiri. Anasema testosteroni yake imeshuka. Baba wa miaka 50 anayesinzia mbele ya taarifa ya habari anaambiwa na rafiki yake maneno hayohayo. Hoja imekuwa nyepesi na inasikika ya kisayansi: mwanamume akichoka, akiota kitambi, akikosa hamu, akianza kufoka ovyo nyumbani, homoni yake imepungua, na kilichopungua hujazwa. Ndani ya hoja hiyo daktari amebakiwa na kazi moja tu, nayo ni kuandika cheti cha dawa ambayo mgonjwa amekwisha kuichagua. Akisita, wapo wengine wasiosita.

Hoja hiyo haisimami, hata pale inapovaa koti jeupe. Wala haisimami ile ya upande wa pili, ya wahudumu wa afya wanaomsikiliza mwanamume nusu sentensi kisha wakamjibu kwamba ni umri, akapumzike.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2010 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya utafiti mkubwa wa wanaume wa Ulaya. Walikuwa 3,369, wenye umri wa miaka 40 hadi 79, kutoka miji minane, miongoni mwake Manchester, Florence, Malmö na Tartu. Watafiti hawakuishia kupima damu. Waliuliza dalili nyingi, kisha wakatazama ni zipi hasa zinaambatana na homoni iliyoshuka. Zilizoshikamana nayo kwa uhakika zilikuwa tatu tu, zote za unyumba: hamu kupungua, uume kutosimama wenyewe asubuhi, na kushindwa kusimama wakati wa tendo. Mwanamume aliyehesabiwa kuwa na upungufu unaotokana na umri alipaswa kuwa na dalili hizo tatu kwa pamoja, na damu iliyothibitisha. Waliopatikana walikuwa asilimia 2.1.

Sasa iweke namba hiyo kando ya nyingine. Uchunguzi wa wanaume wa jimbo la Massachusetts, Marekani, uliotolewa mwaka 1994, ulikuta kwamba asilimia 52 ya wenye miaka 40 hadi 70 walikuwa na shida ya kusimama kwa kiwango fulani, kidogo au kikubwa. Tafiti hizi mbili hazikupima kitu kimoja kwa njia moja, lakini pengo kati yake ni pana mno kuzibwa na tofauti za mbinu. Wenye shida ni wengi. Wenye shida kwa sababu ya testosteroni ni wachache sana.

Atakayesema hizo ni takwimu za Wazungu ana haki ya kuuliza, ila jibu halimsaidii. Uume husimama kwa sababu damu imeingia na kuzuiwa isitoke, na kazi hiyo ni ya mishipa ya damu na neva. Testosteroni inahusika zaidi na hamu, yaani na kutaka kwenyewe. Mishipa ya damu ya uume ina kipenyo cha milimita 1 hadi 2. Ile inayolisha moyo ina milimita 3 hadi 4. Mafuta, sukari na presha vinapoharibu kuta za mishipa, ule mwembamba hulalamika kwanza. Ndiyo maana madaktari wa moyo hulichukua tatizo la kusimama kama onyo linaloweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Mwili wa mtu wa Mwanza au Mombasa haukujengwa kwa utaratibu mwingine, na katika nchi ambako wengi hugundua kuwa wana kisukari au presha siku wanapoanguka, onyo hilo lina thamani kubwa zaidi.

Mtu aliyepewa onyo la miaka mitatu na akalinyamazisha kwa chupa ya unga amepoteza miaka mitatu.

Imani kwamba kila uchovu ni homoni ina kiwanda chake, na sehemu kubwa ya kiwanda hicho iko Marekani. Dawa ya testosteroni ya kupaka, AndroGel, iliidhinishwa huko mwaka 2000. Kwa miaka iliyofuata, matangazo ya televisheni yaliwauliza wanaume wenye nywele za mvi kama uchovu wao si dalili ya kitu chenye jina la kitabibu. Dodoso moja lililotumika sana kuwabaini wagonjwa lina maswali kumi, na mwandishi wake, John Morley wa Chuo Kikuu cha Saint Louis, alilieleza gazeti la New York Times mwaka 2013 namna alivyoliandika: akiwa msalani, kwa dakika 20, juu ya karatasi ya chooni. Kampuni ya dawa ya Organon, iliyoliomba, ilitoa dola 40,000 kwa chuo chake. Morley mwenyewe hakuona taabu kukiri kwamba dodoso lile ni bovu. Dodoso linauliza kama mtu ana huzuni au hasira, kama anasinzia baada ya chakula cha usiku, kama ufanisi wake kazini umeshuka, kama hafurahii maisha kama zamani. Majibu matatu ya ndiyo yanatosha mtu kushukiwa kuwa na upungufu. Mwalimu wa shule ya msingi mwenye wanafunzi 90 darasani na mkopo wa SACCOS mabegani angejibu ndiyo kabla ya kumaliza kusoma swali.

Matangazo yalifanya kazi yake. Kati ya mwaka 2001 na 2011, sehemu ya wanaume wa Marekani wenye bima na umri wa miaka 40 na zaidi waliokuwa wakitumia testosteroni ilipanda kutoka asilimia 0.81 hadi 2.91. Zaidi ya mara tatu, na hakuna ugonjwa mpya ulioingia nchini. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha nchi hiyo, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, kilieleza kwamba hadi robo ya wanaoanzishiwa tiba hawapimwi kwanza, na kwamba hadi theluthi moja ya wanaotumia hawana kabisa vigezo vya upungufu. Hayo ni ya nchi yenye maabara kila kona. Pale ambapo maabara ni ya kutafuta, mtu ana kila sababu ya kuwa mwangalifu zaidi.

Hapa ndipo mtetezi wa sindano ya testosteroni hutoa karata yake anayoiamini kuliko zote: ushuhuda. Fulani alichoma, na wiki ya pili alikuwa simba. Ushuhuda huo una historia ndefu kuliko homoni yenyewe. Tarehe 1 Juni 1889, mbele ya wanasayansi wenzake jijini Paris, Charles-Édouard Brown-Séquard alitangaza kwamba amejichoma maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye korodani za mbwa na za panya wa Guinea. Alikuwa na miaka 72, mzaliwa wa Port Louis, Mauritius, na hakuwa tapeli. Alikuwa miongoni mwa mabingwa wakubwa wa elimu ya neva wa zama zake. Alisema nguvu zake zimerudi, anapanda ngazi kwa kukimbia, anafanya kazi hadi usiku. Alipima hata umbali ambao mkojo wake ulifika. Lakini testosteroni haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo alichojichoma hakikuwa na homoni ya kutosha kumbadilisha mtu. Kilichompandisha ngazi ni matumaini. Homoni yenyewe ilitambuliwa na kutengenezwa maabara mwaka 1935, miaka 46 baadaye, na mwaka 1939 Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka wakapewa Tuzo ya Nobel, Butenandt kwa kazi zake juu ya homoni za jinsia na Ruzicka kwa kemia ya polimethileni na terpeni.

Kwa hiyo aliyejisikia vizuri si mwongo. Ila kujisikia vizuri hakuthibitishi kilichomo ndani ya chupa, na siku hizi mara nyingi kilichomo ni kibaya zaidi ya maji. Uchambuzi wa taarifa za Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani uliochapishwa mwaka 2018 ulihesabu virutubisho 776 vilivyokutwa na dawa zisizotajwa kwenye lebo, kati ya mwaka 2007 na 2016. Karibu nusu, 353, vilikuwa vya nguvu za kiume, na dawa iliyofichwa mara nyingi zaidi ilikuwa sildenafili, ileile iliyo ndani ya Viagra. Mnunuzi anaamini amepewa mizizi. Kama tayari anatumia naitreti kwa maumivu ya kifua, presha yake inaweza kuporomoka hadi kumuua, na ndugu watatafuta mchawi. Vumbi la Kongo, unga wa nguvu za kiume unaouzwa kwa vijiko, halina lebo ya kudanganya wala ya kusema kweli, na muuzaji wake hakuulizi kama una dawa ya moyo mfukoni. Kumpa daktari jina la kila kitu ulichokunywa, hata kile cha kwenye karatasi ya gazeti, ni sehemu ya tiba yenyewe.

Wapo pia wenye mashine. Mteja hushika kifimbo cha chuma mkononi kwa dakika moja, kompyuta ikatoa kurasa za matokeo ya mwili mzima, ini, figo, mifupa na homoni, kisha mwenye mashine, ambaye kwa bahati nzuri anauza pia virutubisho, akamwonyesha mshale uliokwenda chini. Testosteroni haipimwi kwa kushika chuma. Hupimwa kwa damu, na hata hapo kuna masharti ambayo wengi hawaambiwi.

Homoni hii hupanda alfajiri na kushuka kadiri siku inavyokwenda, hasa kwa vijana. Chakula huishusha. Homa huishusha, aliyetoka kulazwa kwa malaria au nimonia akipimwa wiki ileile atapata namba ya kutisha isiyo na maana. Damu inapaswa kuchukuliwa asubuhi mapema, kabla ya saa nne hivi, mtu akiwa hajala. Ikionekana chini, irudiwe asubuhi nyingine, kwa sababu wengi hurudi kwenye kawaida bila kufanyiwa chochote. Mwongozo wa Marekani uliotajwa unaweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa desilita, tena kwa mtu mwenye dalili, si kwa namba peke yake. Aliyepimwa saa tisa alasiri, ugali na maharage vikiwa tumboni, akaanza sindano kesho yake, hajatibiwa. Amebahatishwa.

Na baada ya namba mbili za chini bado kuna swali: kwa nini? Korodani hufanya kazi kwa amri ya tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, kupitia homoni mbili zinazopimwa kwenye damu ileile. Amri ikiwa kubwa na testosteroni ikiwa chini, korodani zenyewe zimeshindwa. Amri ikiwa ndogo, tatizo liko juu, na huenda ni uvimbe wa pituitari unaomletea mtu maumivu ya kichwa na kumpunguzia uwezo wa kuona pembeni. Mtu wa namna hiyo akijazwa testosteroni na kijana wa jimu, atachangamka kidogo huku uvimbe ukiendelea kukua.

Mazungumzo na daktari, basi, hayawezi kuwa lango la kupitia kufika kwenye dawa. Ndiyo yanayotafuta chanzo, na daktari anayejua kazi yake huuliza mambo ambayo mgonjwa hakuyatarajia. Mara ngapi unanyoa ndevu siku hizi? Ulipata matumbwitumbwi ukiwa kijana, na korodani zikavimba? Unasikia harufu vizuri? (Lipo tatizo la kuzaliwa ambalo humnyima mtu harufu na balehe kwa pamoja.) Una watoto, na unataka wengine? Mkeo analalamika kwamba unakoroma na kukata pumzi usingizini? Unakunywa kiasi gani? Unatumia tramadoli au dawa nyingine kali za maumivu, au umekaa na predinisoloni kwa miezi? Dawa hizo zinaweza kuishusha testosteroni kabisa. Dawa fulani za presha nazo huleta shida ya kusimama, na zinaweza kubadilishwa. Kisha vipimo vya kawaida visivyo na jina la kutisha: sukari, presha, mafuta, mzunguko wa kiuno. Mafuta ya tumboni hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni ya kike, na mwanamume mnene akipunguza uzito, homoni yake huanza kupanda bila sindano.

Kuna uchunguzi mwingine unaorukwa kwa aibu za pande zote mbili, nao ni kuzishika korodani.

Aibu hiyo si jambo la kudharau. Mzee wa miaka 58 anaingia chumba cha daktari akiwa amesubiri foleni tangu saa kumi na mbili, mlango uko wazi, muuguzi anaingia na kutoka, na anayemkabili ni tabibu binti wa umri wa mtoto wake wa mwisho. Anasema, "Mwanangu, mgongo unanisumbua." Anaandikiwa diklofenaki. Anasimama, anafika mlangoni, anageuka, anasema kuna jambo jingine lakini basi, siku nyingine. Hakuna atakayeshangaa kwamba jioni anapiga namba ya kwenye nguzo, ambako hakuna foleni wala binti, na sauti ya mwanamume mwenzake inamwita kaka mkubwa.

Wanaotetea waganga hutumia picha hiyo kama ushahidi kwamba hospitali si mahali pa mambo haya. Inathibitisha tu kwamba hospitali inatakiwa kufunga mlango. Tabibu yule angeweza kuanza yeye, baada ya kupima presha: "Baba, wenye presha wengi hupata shida ya unyumba. Kwako inakwendaje?" Sentensi mbili, na aibu imeondoka kwenye mabega ya mzee. Na mzee naye ana njia. Anaweza kumwomba mhudumu wa kiume bila kumvunjia binti heshima. Anaweza kulitanguliza neno lenyewe badala ya mgongo, na kulifafanua, kwa kuwa kukosa hamu, kushindwa kusimama, kumaliza mapema na kutopata mtoto ni mambo manne yenye njia nne tofauti. Mtu akitaja "nguvu" tu, amemwachia daktari kukisia. Swali moja hasa husaidia: je, asubuhi unaamka umesimama? Anayesimama asubuhi na kushindwa usiku mbele ya mkewe huenda mishipa yake ni mizima na kinachomkwamisha kiko kwenye wasiwasi, ugomvi au deni. Kwa huyo testosteroni haina kazi.

Gharama nazo ni kweli. Kipimo cha homoni hakipo zahanati, na daktari bingwa wa homoni yuko mbali na wengi. Lakini hatua za kwanza za uchunguzi huu hazihitaji bingwa. Sukari, presha, mizani, maswali na mikono miwili vipo hadi kituo cha afya, na pale ndipo chanzo hupatikana kwa wengi. Aliyekwisha kununua chupa tatu za vumbi hawezi kusema kwa urahisi kwamba kipimo cha sukari kilimshinda bei.

Liko jambo ambalo wauzaji wa sindano hawalisemi, na katika jamii zetu lilipaswa kutangulia yote. Testosteroni inayotoka nje huizuia mbegu. Pituitari ikiona homoni imejaa kwenye damu, inaacha kuziamuru korodani, na korodani zisizoamriwa husinyaa na kuacha kutengeneza mbegu. Jambo hili lina hakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani lililijaribu kama njia ya uzazi wa mpango. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, wanaume 271 wenye afya, kutoka nchi saba, walichomwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu zilifika sifuri ndani ya miezi sita. Wengi wanaoacha hurudia hali yao baada ya miezi, wengine baada ya mwaka au zaidi, na kwa wachache haijulikani lini. Kijana aliyeoa mwaka jana, anayechoma sindano ili awe dume kamili, anatumia dawa ya kuzuia mimba. Mama yake mzazi anamtazama mkewe kwa lawama. Daktari aliyeuliza swali la watoto angempa, kama kweli ana upungufu, dawa nyingine zinazoziamsha korodani badala ya kuzilaza.

Yote haya yanaweza kumfanya msomaji adhani testosteroni ni sumu. Hapana, na hapo ndipo wale wa "ni umri tu" nao wanakosea. Kuna wanaume wanaohitaji tiba hii kama mwenye kisukari anavyohitaji insulini. Mfano ulio wazi ni wanaozaliwa na kromosomu X ya ziada, hali iitwayo Klinefelter. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja wa kiume kati ya takriban 650, na utafiti wa Denmark ulionyesha kwamba ni robo tu ya watu hao wanaogundulika maishani mwao. Denmark, ambako karibu kila mkazi ana daktari wake! Wengine huishi miaka yao yote wakiwa na korodani ndogo kama harage, ndevu chache, mifupa dhaifu na ndoa isiyo na mtoto, wakiwa wameonwa na wahudumu kadhaa ambao hakuna hata mmoja aliyewavua nguo. Wapo waliotolewa korodani, waliopigwa mionzi, wenye uvimbe wa pituitari. Kuwaambia hawa wapumzike ni uzembe, na uzembe huo ndio unaowapelekea wauza vumbi wateja.

Hata hofu ya moyo, iliyotumika kuwatisha watu baada ya tafiti mbili za mwaka 2013 na 2014 na onyo la mamlaka ya Marekani mwaka 2015, ilizidi ushahidi. Jaribio kubwa la TRAVERSE, lililotolewa mwaka 2023, liliwafuatilia wanaume zaidi ya 5,000 wenye miaka 45 hadi 80, wenye homoni ya chini iliyothibitishwa na wenye ugonjwa wa moyo au hatari kubwa ya kuupata. Mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo viliwapata asilimia 7.0 ya waliopewa testosteroni, na asilimia 7.3 ya waliopewa jeli tupu. Ila katika jaribio lilelile, waliopewa dawa walipata zaidi mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, damu kuganda mapafuni na figo kudhurika ghafla. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba walivunjika mifupa zaidi pia, jambo ambalo halikutarajiwa na yeyote aliyedhani homoni hii hugeuza mifupa kuwa chuma. Dawa yenye sura hizo mbili haiwezi kuuzwa kaunta pamoja na unga wa protini.

Na kwa aliyethibitika kuwa na upungufu, ahadi iwe ya ukubwa wake halisi. Majaribio ya Marekani yaliyotolewa mwaka 2016 yaliwachukua wazee 790 wenye miaka 65 na zaidi, wote homoni ikiwa chini kweli, wakapewa jeli kwa mwaka mmoja. Hamu na shughuli za unyumba ziliongezeka kwa kiasi. Moyo wa huzuni ulitulia kidogo. Uchovu, ule uchovu ambao ndio bendera ya matangazo yote, haukupungua zaidi kuliko kwa waliopewa jeli tupu, kwa kipimo kikuu kilichotumika.

Mgonjwa anayeanzishiwa tiba anastahili kuambiwa hayo kabla ya sindano ya kwanza, pamoja na kazi inayofuata. Chembe nyekundu za damu zipimwe, kwa sababu testosteroni huzizidisha na damu ikawa nzito. Zikivuka asilimia 54 ya ujazo wa damu, dawa isimamishwe. Tezi dume ifuatiliwe. Anayepaka jeli aoshe mikono na afunike ngozi, kwani watoto waliogusana na baba zao waliopaka wameanza kuota nywele za siri wakiwa wadogo, na Marekani iliweka onyo kali kwa sababu hiyo mwaka 2009. Na tarehe ya kutathmini iandikwe kwenye faili siku ileile ya kuanza. Miezi mitatu hadi sita baada ya kuanza tiba, homoni ikiwa imerudi kwenye kiwango cha kawaida, daktari na mgonjwa waketi tena, walitazame tatizo lililomleta, na kama halijabadilika, dawa iachwe na utafutaji wa chanzo uanze upya.